Tulikataa makaa, tukarudi nyumbani kwa petroli

Kuna picha moja kwenye simu yangu sijawahi kuiposti. Nimekaa ubavuni mwa boti ya mjomba, nimevaa tisheti ya kupinga mtambo wa makaa ya mawe, uso umejaa jasho na furaha, na katikati ya miguu nimekumbatia dumu la manjano la lita 20, petroli tupu. Tulikuwa tunarudi Amu, yaani Lamu mjini, kutoka mkutano upande wa bara, kule mji mdogo wa Hindi, na lile dumu niliambiwa nilishike lisipinduke. Mjomba ndo aliyenipiga hiyo picha, akacheka mpaka akakohoa, akasema haya mpinga moshi, shika vizuri moshi wako huo.

Sikuwa na jibu siku ile na mpaka leo nikiiangalia naona haya kidogo. Lakini nadhani nishajua nataka kusema nini, kwa hivo nivumilieni, nitazunguka kama boti inayotafuta maji.

Nianze na bibi, Mungu amrehemu. Habari ya mtambo ilipoanza kuskika nyumbani kwetu Langoni, yeye aliuliza serikali inataka makaa ya nini tena, kwani si wao walotukataza kukata miti? Kwake makaa ni yale ya gunia, ya jikoni, ya kuchomea samaki. Tukamwambia la bibi, haya ni ya mawe, yanachimbwa chini ya ardhi. Akanyamaza, akageuka akaangalia ukuta wa nyumba, akaugusa na kiganja. "Mawe kama haya?"

Sote tukacheka, lakini swali lake lilikuwa na maana kuliko alivojua. Ukuta ule ni mawe ya tumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni tumbawe lilochomwa. Yaani nyumba za Amu ni mifupa ya wadudu wa bahari walokufa zamani. Na makaa ya mawe nayo ni maiti, ni miti na majani ya vinamasi vya miaka kama milioni 300 nyuma, yakazikwa kwenye tope kabla hayajaoza, yakagandamizwa na kupata joto mpaka yakawa jiwe jeusi. Shuleni tuliambiwa ni "nishati ya visukuku", jina ambalo mi huwa naliona kama jina la peremende. Mafuta ya petroli ndo hivo hivo, ila yale ni viumbe vidogo vidogo vya bahari. Sasa ukichoma lile jiwe jeusi, salfa iliyomo ndani inapanda na moshi, inakutana na unyevu hewani inakuwa asidi, na asidi ikinyesha juu ya chokaa inaigeuza kitu laini kinachobanduka kama unga. Kwa hivo jiwe moja lilikuwa linakuja kula jingine. Mji wa Amu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na hiyo ilikuwa moja ya hoja nzito kabisa, ingawa bibi hakuhitaji UNESCO kumwambia ukuta wake una thamani.

Kwa msio na habari, mtambo wenyewe ulikuwa ujengwe Kwasasi, ng'ambo ya bara. Megawati 1,050. Bomba la moshi la mita 210, mara mbili ya lile jengo refu la KICC Nairobi, na huku kwetu kitu kirefu ni mnara wa msikiti na mnazi. Makaa yalikuwa yaletwe kwa meli kutoka Afrika Kusini kwanza, halafu baadae ndo yachimbwe Kitui. Hebu fikiria, nchi ambayo karibu tisini kwa mia ya stima yake inatoka kwa mvuke wa Olkaria na mito na upepo wa Turkana, inataka kununua moshi nje na kuusafirisha mpaka Lamu. Na wakati ule nchi nzima ikiwasha kila kitu kwa pamoja, saa ya juu kabisa, haikuwa inafika megawati 2,000. Mikataba ya namna hii ina kifungu kwamba mtambo ukishakuwa tayari unaulipia hata usipouwasha, na malipo hayo yanaingia kwa tokeni yako wewe na mimi. Mi hicho ndo kilichonikera kuliko hata moshi, si uongo.

NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilitoa leseni 2016. Watu wa Lamu wakaenda kwenye Baraza la Mazingira la kitaifa, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa sawasawa, na ile ripoti ya athari za mazingira ilikuwa na mapengo, hata sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Waliotaka mtambo wakakata rufaa, ikalala miaka, mpaka Oktoba 2025 mahakama ya Mazingira na Ardhi hapo Malindi ikasema uamuzi ule unabaki. Siku hiyo nilikuwa kazini Mombasa, grupu la familia likalipuka, sauti juu ya sauti, watu takbir, watu maua, na binamu yangu mmoja akaandika neno moja tu: "Hongereni."

Hilo hongereni lilikuwa na mwiba. Binamu huyu anakaa Mokowe, ana cheti cha uchomeleaji, na alikuwa ameahidiwa (na nani sijui, ahadi za Lamu hazina mwenyewe) kwamba mtambo ukija welda kama yeye hatolala njaa. Nilimpigia simu jioni. Akaniambia, "Ndugu yangu, nyinyi mnaopinga wengi mna mshahara. Wewe uko Mombasa unawasha feni usiku kucha. Mimi nangojea." Nikaanza kumpa hesabu zangu, zebaki inayotoka na moshi ikaingia baharini ikaingia kwa samaki, majivu yanayorundikwa kama mlima, maji moto yanayorudishwa baharini maana katika moto wote unaowashwa ni kama theluthi tu au zaidi kidogo ndo inakuwa stima na iliobaki inapotea joto. Akaniskiza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa. Na boti ya mjomba inaendeshwa na nini?"

Kila mtu kwenye ukoo wetu ananipiga na hiyo boti jamani.

Basi tuizungumze hiyo boti. Mjomba alianza na tanga, mashua ya babake, akavua na kubeba watu na boriti na chokaa mpaka Faza na Kizingitini. Mashine alinunua baadae, ya mkono wa pili, ile aina ya zamani ambayo oili unaichanganya ndani ya petroli yenyewe, lita 50 kwa lita moja, na ukiwasha inatoa moshi wa buluu na harufu ambayo mi ndo harufu ya utoto wangu. Hizi mashine ni chafu, nisifiche. Kwa jinsi zilivotengenezwa, mafuta mabichi yanatoroka na moshi kabla hayajaungua, kwa mashine za zamani inaweza kufika robo, na yote yanaingia majini, ndo ile rangi ya upinde wa mvua unayoiona pale gatini asubuhi maji yakiwa yametulia.

Lakini sasa skiza upande wa pili. Lita moja ya petroli ina nguvu ya kama yuniti 9 za stima. Mwanamume mwenye afya akipiga kasia kutwa nzima, kazi anayotoa haifiki hata yuniti moja. Mashine ya mjomba inapoteza kama robo tatu ya nguvu kwa joto na kelele, na hata hivo kila lita inamfanyia kazi ya mtu wa siku tatu. Dumu moja la lita 20 ni kama amepata vijana sitini, hawali, hawaombi ruhusa kwenda harusini. Nani atakaa kumwambia mzee wa miaka sitini na kitu aachane na hicho? Wanasema betri. Nimepiga hesabu ya betri. Ili upate kazi ya dumu lile moja unahitaji betri ya zaidi ya kilo 200, na bei yake mjomba akiiskia atadhani nimekosea sifuri. Kwa safari fupi za Shela na Mokowe naona inawezekana na itakuja, inshallah. Kwa safari ndefu kama ya Kiwayu, bado.

Na kuna jambo mkaza mjomba huwa analisema akiskia watu wa mjini wakisifu tanga. Mimba yake ya tatu ilimletea shida akiwa kwao Pate, usiku, na boti ya mashine ndo iliomfikisha hospitali akiwa hai. Kwa tanga, usiku ule, upepo umekufa? Huwa hamalizi. Anafunga mtandio na kuendelea kukuna nazi.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe, manake ndo kilonifanya niandike.

Ilikuwa msimu wa kusi, tunakwenda harusi Faza, kisiwani Pate, boti imejaa, masanduku, sinia za halua, watoto watatu, na shangazi mmoja wa bwana harusi aliyekuwa analalamika tangu tunang'oa nanga. Njia ya Pate unapita Mkanda, ule mlangobahari mwembamba kati ya Manda na bara, na Mkanda unapitika maji yakiwa yamejaa tu. Tulichelewa sababu ya petroli. Mjomba hakupata pale anaponunua siku zote akanunua mahali pengine, dumu mbili, sitosema wapi. Tukaingia Mkanda maji yashaanza kutoka. Katikati, mikoko kulia mikoko kushoto, mashine ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Mjomba hakusema kitu. Akabana kile kipira cha kupampia mafuta, akavuta kamba, wapi. Akafungua plagi, akaipuliza, akairudisha. Wapi. Ndo akachomoa mpira wa mafuta akamimina kidogo kiganjani. Petroli safi ikikugusa unaskia baridi kisha inapotea, kama haijawahi kuwepo. Hii ilipotea ikaacha matone mviringo yanacheza kwenye mistari ya mkono. Akatunyoshea kiganja tuone. "Yana mai," akasema, yaani maji, kwa lahaja ya kwetu, polepole, kama mtu anayetoa habari ya msiba.

Tukashika pondo, mimi mbele na kijana mwengine nyuma, tunasukuma tope na maji yanazidi kushuka, mizizi ya mikoko inatokeza moja moja, kaa wanatoka kutuangalia. Mbu usiseme. Shangazi sasa amenyamaza, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Tulipofika penye uwazi kidogo mjomba akavuta lile turubai chakavu tulilofunikia masanduku, na ndo nikagundua halikuwa turubai, lilikuwa tanga lake la zamani. Kipande tu. Akalifunga kwa pondo na kamba ya nanga, akalitweka hivo hivo, na kusi ikalijaza. Tukaenda. Kimya kabisa, unaskia maji chini ya mbao tu. Mtoto mmoja akauliza kwani mashine imetengenezwa haina sauti.

Najua mnangoja niseme hapo ndo nikajua upepo ni bora. Hapana. Tulifika Faza saa nne usiku, harusi ishapoa, halua imeingia maji ya chumvi. Mjomba mwenyewe kesho yake alinunua petroli nyingine akarudi na mashine. Nilimuuliza kama hakutamani kurudi na tanga. Akaniangalia kama nimepotea. Akanihadithia alivyowahi kukaa Kiwayu siku tatu akingojea upepo na samaki wanaoza, kaboksi ya barafu imekuwa maji, na akarudi nyumbani na deni. "Tanga lilikuwa letu sababu hatukuwa na jingine," akasema.

Lakini kitu nilichokiona Mkanda usiku ule ndo hiki, na hapa ndo nilipokuwa naelekea tangu mwanzo: kila mafuta yana mtu wa kuulizwa. Petroli ya mjomba ikiwa chafu, anayekwama kwenye tope ni mjomba. Moshi wake anauvuta yeye wa kwanza, yeye na samaki anaowavua. Anajua anachokinunua na anajua kinamla nini. Mtambo wa Kwasasi ulikuwa kinyume chake, stima ipande nguzo iende zake, faida ipande ndege, na majivu yabaki na sisi. Mi sidhani watu wa Amu walikataa makaa ya mawe kwa sababu wanachukia nishati, wallahi mji huu ulikuwa ukiwashwa na majenereta ya dizeli na hakuna aliyeandamana, tulishukuru. Walikataa kuwa jaa la mtu mwengine.

Ndo maana napata wasiwasi na bomba la mafuta. Mafuta ya Turkana yalipatikana 2012, na kwenye ule mpango wa LAPSSET, wa bandari, barabara na bomba kutoka Lamu, ambao ulizinduliwa mwaka huo huo, yatapita kwa bomba la zaidi ya kilomita 800 kutoka Lokichar mpaka hapa. Mafuta yale yana nta nyingi, yakipoa yanaganda kama samli, kwa hivo bomba lazima lipashwe moto njia nzima. Shehena ya kwanza iliuzwa nje Agosti 2019 lakini ilipitia Mombasa, kwa malori. Bandari yetu gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na wavuvi walioharibiwa maeneo yao na uchimbaji wa bandari mahakama kuu iliamua tangu 2018 walipwe shilingi bilioni 1.76. Muulize mvuvi yeyote Amu kuhusu hizo pesa, utakaa hapo mpaka magharibi.

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Mti kama mchu unapumua kwa vile vijiti vinavosimama juu ya tope, maji yakitoka vinavuta hewa. Mafuta yakimwagika yanaviziba kama mtu kafunikwa pua, na mti unakufa taratibu, na mafuta yenyewe yanakaa kwenye tope miaka na miaka. Mwaka 2020 meli ya Wakashio ilipasuka Mauritius, ikamwaga kama tani 1,000, na ile haikuwa hata meli ya mafuta, yalikuwa ya injini yake tu. Na hapa nyumbani bomba lilivuja Thange, Makueni, 2015, watu wakaharibikiwa na mto wao. Sisemi litavuja. Nasema nataka kujua kabla ya kiganja changu kulowa.

Kuhusu hewa ya ukaa, angalia lugha yetu ilivo na akili, ukaa na makaa ni neno moja. Lita ya petroli haifiki kilo moja kwa uzito, lakini ikiungua inatoa kilo 2.3 za hewa ya ukaa, kwa sababu inashika oksijeni ya hewani na kwenda nayo. Dumu la picha yangu ni kilo 46. Makaa ya mawe ni kama kilo moja kwa kila yuniti ya stima. Kaboni inayotoka kwa mafuta ya Kenya nzima haifiki asilimia 0.1 ya dunia, na kuna wanaosema basi tuachwe nasi tuchome kama walivochoma wao. London iliwasha kituo chake cha kwanza cha makaa 1882, na Uingereza ikafunga cha mwisho tarehe 30 Septemba 2024, baada ya miaka 142 ya kula. Hoja hiyo naielewa na hasira yake naielewa. Ila matumbawe ya huku hayaulizi moshi umetoka wapi. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, mjomba anasema alizama akakuta matumbawe meupe, pote meupe, akadhani ni macho yake.

Binamu yangu wa Mokowe sikumpa jibu zuri. Siku hizi anafunga sola kwenye majumba na mahoteli ya Shela, kazi ya msimu, wageni wakikosekana na kazi inakosekana. Langobaya huko Malindi kuna shamba la sola la megawati 52 na aliniuliza kama namjua mtu. Simjui mtu. Nimemtumia tu namba ya ofisi.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho ilikuwa tarehe 14, siku ambayo EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, wanatangaza bei mpya za mafuta, na mjomba alikuwa amekaa barazani na redio sikioni kama mtu anayengojea mwezi kuandama. Bei ilitangazwa ya Nairobi na Mombasa. Amu ongeza usafiri, malori yanakuja kwa barabara kupitia Malindi na Garsen na Witu, halafu ongeza mwenye dumu naye ale. Akazima redio. Akaingia ndani akatoka na chupa ya soda ya kioo, akaijaza petroli ya dumu jipya, akaiweka kwenye kizingiti na kuiacha hapo usiku kucha, maana maji ni mazito kuliko petroli, yakiwemo yatashuka chini. Alfajiri baada ya swala nilimkuta ameiinua chupa kwenye mwanga wa mlango, jicho moja kalifumba, anaangalia kitako chake.